Kwa nini theluji ya kwanza ya msimu inawaangusha hata wakimbiaji wazoefu wa mbio ndefu za milimani?

#1 Mkwezi_Mkuu

Wakuu salaam.

Kuna jambo linanisumbua kila msimu unapogeuka, leo nalileta tulichambue. Katikati ya majira ya baridi, mtu akiingia mlimani theluji ikiwa imejaa na baridi iko nyuzi 10 chini ya sifuri, mara nyingi anarudi salama. Lakini ile theluji ya kwanza, inayoanguka wakati majani hayajamaliza kupukutika na kipimajoto kinacheza kwenye sifuri, ndiyo inayolaza watu. Na wanaolazwa si wageni wa mchezo.

Mifano ipo. Oktoba 2021 kule Utah, Marekani, mbio za DC Peaks 50 zilikutwa na dhoruba ya theluji watu wakiwa juu, ikabidi wakimbiaji 87 waokolewe. Tor des Géants ya Valle d'Aosta, Italia, kilomita 330 zinazokimbiwa Septemba, ilisimamishwa mwaka 2015 kwa sababu ya hali ya hewa.

Dai langu ni hili: kinachoangusha ni mwendo. Aliyepanga kukimbia amevaa nguo za kukimbia. Njia ikijaa theluji laini anaanza kutembea, na kwa mwendo wa kutembea nguo zile hazimtoshi hata kidogo. Ninyi mnasemaje?

#2 Kiatu_Kimoja

Naweka kambi hapa. Endeleeni.

#3 Fizikia_Tupu

Mkuu, mwendo ni nusu ya habari. Nusu kubwa ni maji.

Kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri theluji ni kavu, unaikung'uta begani na safari inaendelea. Kwenye sifuri au nyuzi 1 inayeyuka pale pale inapogusa kitambaa. Kilo moja ya barafu inahitaji kilojuli 334 ili iyeyuke, na sehemu kubwa ya joto hilo inatoka kwako wewe uliyevaa. Yale maji yakianza kukauka mwilini ndipo hasara inapozidi, maana kilo moja ya maji ikigeuka mvuke inachukua zaidi ya kilojuli 2,400. Halafu maji yanapitisha joto karibu mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Kilichokuwa kinakukinga ni hewa iliyonaswa ndani ya nguo, na nguo ikiloa hewa hiyo haipo tena.

Kwa hiyo mtu wa Oktoba anaweza kupoteza joto kwa kasi kuliko mtu wa Januari, japo kipimajoto cha Januari kinatisha zaidi.

#4 Chenga

Mmesahau upepo. Nyuzi sifuri ukipigwa na upepo wa kilomita 40 kwa saa, mwili unahisi kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Na China walikufa watu 21 kwenye mbio za majira ya baridi, upepo huo huo. UTMB nayo, zile mbio za kuzunguka Mont Blanc, ilifutwa 2012 kwa theluji.

#5 Sajenti_Taa

Chenga, nakurekebisha mambo mawili ili uzi usibebe habari isiyo sawa.

UTMB ya 2012 haikufutwa. Ilifupishwa ikawa kama kilomita 100, ikabaki upande wa Ufaransa badala ya kuzunguka Mont Blanc kupitia Italia na Uswisi, na ilikimbiwa hadi mwisho. François D'Haene ndiye aliyeshinda. Iliyosimamishwa watu wakiwa wameshaondoka ni ya 2010.

Na ile ya China haikuwa majira ya baridi. Ilikuwa tarehe 22 Mei 2021, mkoa wa Gansu, mbio za kilomita 100. Walioanza ni 172, waliofariki ni 21, akiwemo Liang Jing, mmoja wa wakimbiaji bora kabisa wa mbio ndefu nchini humo. Walikutwa na mvua, tena ya mawe, na upepo mkali wakiwa kwenye mgongo wa mlima, wengi wamevaa kaptula na fulana. Koti la kuzuia upepo lilikuwa kwenye orodha ya vitu vinavyopendekezwa, si vya lazima. Sita walipona kwa sababu mchungaji mmoja, Zhu Keming, aliwaingiza kwenye pango alilojihifadhi na kuwawashia moto.

Nikitazama hiyo ya Gansu naona hoja ya #3 ina nguvu. Haikuhitaji hata theluji ya kukaa chini. Ilitosha watu waloe, wapigwe na upepo, na wawe mbali na mahali pa kujificha.

#6 Fizikia_Tupu

Na hiyo nyuzi 7 chini ya sifuri, Chenga, hesabu yako iko sawa ila kanuni yenyewe imetungwa kwa ngozi kavu ya uso. Haihesabu fulana iliyoloa. Mtu aliyelowa kwenye upepo huo yuko pabaya zaidi kuliko namba inavyosema.

#7 Chenga

Sawa Sajenti, asante kwa sahihisho. Lakini upepo bado naubakiza mezani.

#8 MlinziWaKituo

Mimi huwa nakaa vituo vya juu kuhudumia wakimbiaji, niruhusuni nieleze ninachokiona kwa macho.

Hawaanzi kuanguka miguu. Wanaanza kuanguka mikono. Mtu anafika anaongea vizuri, anacheka, lakini anasimama mbele yangu ameinua kidevu ili nimfungie zipu ya koti, kwa sababu vidole vimekataa kushika kile kikamba kidogo. Ukimkagua mfukoni unakuta jeli zote, zile pakiti ndogo za chakula cha sukari, alizotoka nazo kituo cha nyuma. Pakiti moja ina alama za meno pembeni, amejaribu kuichana kwa mdomo ikamshinda akairudisha. Maana yake ni saa kadhaa hajala, na si kwa kukosa chakula. Koti la joto lipo kwenye begi, hakulitoa kwa sababu buckle za begi hazifunguki kwa mkono uliokufa ganzi.

Kwa hiyo mimi sibishani na mwendo wala maji. Nasema tu kwamba kati ya baridi na mtu kuanguka kuna mikono. Mikono ikifa, kila kitu ulichobeba kinakuwa mzigo tu.

#9 Mkwezi_Mkuu

#8 umeniingia. Alama za meno kwenye pakiti nimeshaziona mahali.

#10 DaktariWaNjia

Nimefurahi kuona #8, maana inaunganisha vitu.

Kitabibu tunaita haipothemia pale joto la ndani ya mwili linaposhuka chini ya nyuzi 35. Mwanzoni mtu anatetemeka kwa nguvu, na kutetemeka huko kunaweza kuzalisha joto mara nne au tano ya lile la mwili uliotulia. Lakini kunakula akiba ile ile ya sukari ya misuli ambayo mkimbiaji wa mbio ndefu ameshaimaliza kwenye milima mitatu ya nyuma. Aliyekosa kula, kama yule wa #8, hana cha kutetemekea. Mwili ukizidi kupoa kutetemeka kunakoma, na hapo wenzake hudhani amepata nafuu. Hajapata. Anapokaribia nyuzi 32 na kushuka, tunamhesabu kuwa hatarini.

Angalieni tabia yake kuliko kipimo: anajikwaa pasipo na kitu, maneno yanaburuzika, anakuwa mkali bila sababu au anasema "niacheni nikae kidogo". Wengine wakiwa wamepoa sana huanza kuvua nguo wakidai wanaungua.

Kwa hiyo mimi naongeza maelezo ya tatu kwenye rundo: nishati. Theluji laini inaongeza gharama ya kila hatua, unamaliza akiba mapema kuliko ulivyopanga, na siku hiyo hiyo ndiyo unayoihitaji akiba kwa kujipasha joto.

#11 Kijana_wa_Matuta

Daktari, samahani, hapo kuna mgongano. Kama theluji inaongeza gharama ya kila hatua, basi mwili unazalisha joto zaidi, si pungufu. Iweje #1 aseme mwendo wa polepole unampoza mtu?

#12 DaktariWaNjia

Swali zuri. Gharama kwa kila kilomita inapanda, lakini kilomita kwa saa zinashuka zaidi. Mtu wa kilo 70 anayekimbia kilomita 10 kwa saa kwenye njia kavu anachoma kama kilokalori 700 kwa saa. Akiwa freshi anaweza kuendelea kuchoma hivyo hivyo hata theluji ikifika kwenye shavu la mguu, atasogea polepole tu na joto litamtosha. Shida inakuja akichoka. Aliyechoka hana uwezo wa kushikilia kiwango kile, na kilomita zilizobaki bado ni zile zile.

#13 Kijana_wa_Matuta

Basi kilichomwangusha ni uchovu, theluji imesindikiza tu. Mimi naamini ardhi ndiyo mkosaji mkuu na hakuna aliyeitaja.

Theluji ya katikati ya msimu imeshindiliwa. Mashimo yamejaa, mawe yamefunikwa, unapita juu yake. Ya kwanza ni sentimita 15 juu ya mawe yaliyolegea, majani yenye maji na mizizi. Huoni unapokanyaga. Ardhi ya chini bado ina joto la kiangazi, kwa hiyo theluji inayeyuka kutoka chini, na usiku yale maji yanaganda kwenye mawe. Asubuhi unakanyaga unga mweupe mzuri, chini yake kuna kioo. Kifundo kinageuka, mtu anakaa chini, na hapo ndipo maji ya #3 na upepo wa Chenga vinapomkuta. Angekuwa mzima asingesimama.

#14 Kiatu_Kimoja

Nilisema naweka kambi, ila kwenye ardhi siwezi kunyamaza.

Watu wanaambiwa wabebe spaiki za kuvalisha juu ya kiatu, na katikati ya msimu zinafanya kazi safi kabisa. Kwenye theluji ya kwanza yenye maji, hasa ikiwa chini kuna udongo na majani, zinakusanya. Kila hatua theluji inanata kati ya meno mpaka chini ya kiatu kuna bonge la sentimita tano, meno hayagusi tena ardhi, na wewe unatembea juu ya mpira. Unalipiga kwa fimbo linabanduka, hatua kumi baadaye limerudi. Kwenye mteremko nikivua zile spaiki, viatu vyenye meno marefu ya mpira vinashika vizuri kuliko chuma. Halafu unafika upande wa kivuli, barafu tupu, unazihitaji tena. Na kuzivaa tena kunahitaji vidole, tunarudi kwa #8.

#15 Chenga

Kwa jina lako nilijua tu ukija utakuja na habari za viatu 😂

#16 Kiatu_Kimoja

Na nyie wenye viatu viwili mnateleza vile vile.

#17 Mama_Vilele

Habari zenu wanangu. Nimesoma wote, naomba nirudi kwenye maji ya #3, kwa sababu kaka ameongelea maji yanayotoka juu akasahau yanayotoka ndani.

Tazameni watu kwenye mstari wa kuanzia siku ya baridi ya kwanza. Wamevaa koti la mvua wamelifunga mpaka kidevuni, kisha mbio zinaanza kwa kupanda mita 1,000 moja kwa moja. Koti hata liwe zuri vipi haliwezi kutoa mvuke wote wa mtu anayepanda kwa nguvu. Nusu saa baadaye fulana ya ndani imeloa chapachapa, na huyo mtu bado anajiona yuko salama kwa sababu anasikia joto. Anafika kwenye mgongo wa mlima, mwendo unapungua, upepo unaingia, na ameshaloa kabla theluji haijamgusa.

Ninavyofanya mimi naanza nikiwa nasikia baridi kidogo, napanda na nguo nyepesi, na mita chache kabla ya kutokea kwenye upepo nasimama nyuma ya mwamba mahali penye utulivu, naongeza nguo. Si pale juu. Ukifika pale juu, koti linapepea, mkono wa koti hauonekani, dakika mbili zinaisha na mikono imeisha.

#18 Fizikia_Tupu

Mama, umenena. Jasho ndiyo nusu niliyoiacha.

#19 Sajenti_Taa

Nataka niongeze la bonde, kwa sababu linaeleza kwa nini wazoefu wanadanganyika.

Chamonix iko mita 1,035 juu ya usawa wa bahari. Grand Col Ferret, kwenye njia ya UTMB, iko mita 2,537. Kwa wastani joto linashuka kama nyuzi 6.5 kila mita 1,000. Ukiondoka bondeni kwenye nyuzi 10, jioni nzuri ya kaptula, kule juu ni sifuri. Mvua inayokugusa bondeni, juu ni theluji yenye maji, aina mbaya kuliko zote. Mtu anachagua nguo kwa kutazama dirishani.

Ndiyo sababu waandaaji wa UTMB wana orodha ya ziada ya vifaa vya baridi wanayoitangaza utabiri ukiwa mbaya, juu ya vile vya lazima vya siku zote kama koti lenye kofia, taa mbili za kichwani, firimbi na blanketi la dharura (lile jembamba kama karatasi) la mita 1.40 kwa 2. Hawamwachii mkimbiaji aamue kwa kutazama anga la mjini.

#20 NyikaniNdugu

Blanketi la dharura? Nimewahi kuona likifunguliwa kwenye upepo. Lilipasuka vipande viwili kabla halijamfikia mwenyewe.

#21 MlinziWaKituo

NyikaniNdugu, ni kwa sababu watu wanalifunga nje. Linafanya kazi likiwa ndani: vua koti, zungushia kifuani na mgongoni juu ya fulana, rudisha koti, funga zipu. Koti linalishikilia, lenyewe linazuia upepo na maji yasipite. Likikaa juu ya nguo zilizoloa kwenye upepo ni pambo.

Na mkimkuta mtu amepoa, msimsugue mikono wala miguu. Mtoeni kwenye upepo, mwekeeni kitu kati yake na ardhi, begi au matawi, mvueni kilicholoa kama mna kikavu, na kama anameza vizuri mpeni kitu chenye sukari. Daktari aongezee.

#22 DaktariWaNjia

Uko sahihi. Aliyepoa sana abebwe kwa upole na alale, asilazimishwe kusimama na kutembea. Moyo wake ni rahisi kuvurugika mapigo. Nimesikia watu wakisema mfunike kichwa kwanza kwa sababu nusu ya joto inatokea huko. Si kweli. Kichwa kinapoteza joto kulingana na ukubwa wake, kama asilimia 10 hivi. Kofia ivaliwe, lakini isimpe mtu matumaini wakati kifua kimeloa.

#23 Kijana_wa_Matuta

Wakuu tumepotea kwenye huduma ya kwanza, japo ni muhimu. Swali la #1 lilikuwa kwa nini wazoefu. Anayeanza hana ujuzi, hilo tunaelewa. Mzoefu je?

#24 Chenga

Mzoefu anaangushwa na uzoefu wake. Msimu mzima wa kiangazi amekimbia na begi jepesi, amezoea njia zile zile, saa yake inamwambia kilima fulani ni dakika 50. Septemba inafika, njia ni ile ile, jina ni lile lile, anabeba begi lile lile.

Septemba 2013 Kilian Jornet na Emelie Forsberg, wakimbiaji mashuhuri wa milimani, walikwama kwenye Frendo Spur, mgongo wa mlima Aiguille du Midi juu ya Chamonix, hali ya hewa ikageuka wakiwa na vifaa vyepesi, wakaokolewa na kikosi cha uokoaji cha milimani. Hao ni watu wanaoijua milima kuliko sisi sote humu. Mlima haukuuliza majina.

#25 Sajenti_Taa

Huo ulikuwa ukwezi wa mwamba, si mbio za njia. Ila kuhusu wepesi wa vifaa nakubaliana nawe.

#26 Mama_Vilele

Mimi sikubali sana hoja ya kiburi cha wazoefu, Chenga mwanangu. Kuna jambo la mwili pia. Mwili unazoea baridi kidogo kidogo. Wiki za kwanza za baridi hata mzoefu anasikia baridi kama mgeni, vidole vinakufa haraka, pumzi inakwaruza. Kufikia katikati ya msimu mtu yule yule anafungua jeli bila shida kwenye baridi kali zaidi. Na Septemba na Oktoba ndipo mwili umechoka kwa mbio za msimu mzima, mafuta mwilini hamna, umebaki mifupa na misuli. Mtu mwembamba hivyo anapoa haraka.

#27 DaktariWaNjia

Mama yuko karibu na ukweli, japo kuzoea baridi kwa binadamu ni kudogo kuliko tunavyozoea joto. Mara nyingi kinachobadilika ni kwamba unatetemeka kidogo na unaumia kidogo, si kwamba unazalisha joto jingi zaidi. Kwa wembamba, hapo sina ubishi.

#28 NyikaniNdugu

Kuna kitu kizima kimerukwa. Giza.

Baada ya tarehe 22 au 23 Septemba, kaskazini mwa dunia usiku unakuwa mrefu kuliko mchana, na katika latitudo za milima ile mchana unapungua dakika kadhaa kila siku. Mbio iliyopangwa mtu amalize na mwanga wa jioni, theluji ikimchelewesha saa tatu, anaingia usiku. Sasa washa taa ya kichwani theluji ikiwa inaanguka. Huoni njia. Unaona pazia jeupe sentimita 50 mbele ya macho, kila chembe inarudisha mwanga kwako. Mimi naivua taa kichwani naishika mkononi au naifunga kiunoni, mwanga ukipita chini ya macho vivuli vinarudi na unaona umbo la ardhi.

Bendera za njia zinafunikwa, zile za kung'aa zinapata utando wa barafu na haziakisi tena. Kinachobaki ni nyayo za aliyetangulia. Wa kwanza akipotea, arobaini wanampotelea nyuma yake kwa uhakika kabisa, kila anayefuata anaona njia imekanyagwa vizuri. Nimekuwa kwenye msururu wa namna hiyo. Tuliposimama kuulizana, ndipo baridi ilipotuingia. Tulipokuwa tunatembea kila mtu alikuwa mzima.

#29 Mkwezi_Mkuu

#28 hiyo ya nyayo ni kubwa. Na inarudisha dai langu: kusimama ndiko kunakoua, kuwe kwa kifundo, kupotea au kuchoka.

#30 Fizikia_Tupu

Kusimama ukiwa mkavu ndani ya koti zuri hakukuui kwa dakika 20, mkuu. Kusimama ukiwa umeloa kunaweza. Maji.

#31 Kijana_wa_Matuta

Fizikia ukiulizwa hata jina lako utajibu maji 😄

#32 Sajenti_Taa

Betri pia zitajwe. Betri za lithiamu zikipoa zinatoa chaji pungufu. Taa inayodai saa nane inaweza kuzima mapema sana, na simu inayoonyesha asilimia 40 inazima ghafla ukiitoa kwenye upepo. Ya akiba ikae karibu na ngozi, si kwenye mfuko wa nje.

#33 Chenga

Na maji ya kunywa je? Mrija wangu huwa unaganda.

#34 Kiatu_Kimoja

Puliza hewa uyarudishe kwenye mfuko kila ukimaliza kunywa, mrija ubaki mtupu. Chupa ibebe kichwa chini, barafu inaanzia juu kwa hiyo mdomo unabaki wazi.

#35 NyikaniNdugu

Kabla hatujahamia jikoni kabisa, maporomoko. Watu wanadhani theluji ya kwanza ni chache mno kuporomoka. Upepo unaihamisha. Mahali pengine umekanyaga sentimita 10, ukivuka kwenda upande uliokingwa kuna mita nzima imerundikwa juu ya nyasi ndefu zilizolala. Miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo ya kuogopwa, na njia nyingi za mbio zinaikata kwa ubavu. Halafu theluji chache ikikaa wiki kadhaa kwenye kivuli na baridi, chembe zake zinageuka kama sukari isiyoshikana. Inayofuata inakaa juu ya sukari hiyo.

#36 Mama_Vilele

Ni kweli, lakini mwanangu, watu 87 wa Utah hawakuzikwa na theluji. Walipoa na kukwama. Hata Gansu hakukuwa na maporomoko. Ukiuliza kinachowaangusha wengi, siyaweki juu.

#37 NyikaniNdugu

Sijayaweka juu, mama. Nimesema yatajwe, kwa sababu koti kavu na jeli mfukoni havimsaidii mtu aliyefukiwa.

#38 MlinziWaKituo

Mimi nina swali kwa wote. Waandaaji wafanye nini? Muda wa ukomo ukibaki ule wa njia kavu, mkimbiaji wa nyuma anasukumwa juu mlimani jioni akiwa ameshachoka. Ukiuongeza, anakaa nje kwenye baridi saa nyingi zaidi. Mara nyingi nimewazuia watu kituoni wakanikasirikia kwelikweli, kwa sababu walikuwa ndani ya muda. Nawatazama mikono tu. Asiyeweza kufunga zipu yake mwenyewe simwachii aende.

#39 Sajenti_Taa

Kigezo cha zipu nakiunga mkono kuliko saa. Saa haijui kama umeloa.

#40 Kijana_wa_Matuta

Lakini hakimtendei haki mwenye vidole dhaifu kwa asili. Kuna watu mishipa ya vidole inajifunga kwa baridi ndogo tu, vidole vinakuwa vyeupe kabisa, na ndani wana joto zuri.

#41 DaktariWaNjia

Wapo, na si wachache. Huyo aulizwe maswali, atembezwe hatua kadhaa kwenye mstari. Akijibu vizuri na kutembea vizuri, afungiwe zipu na aende.

#42 MlinziWaKituo

Daktari, juu ya mgongo wa mlima nani atamfungia?

#43 Mkwezi_Mkuu

Hapo bado. Tuachane na nani mkosaji mkuu kwa sasa, maana naona kila mtu amebaki na wake. Mikono ndiyo imejirudia kwa wengi. Mnavaa nini? Glovu zangu za sufu zinaloa saa ya kwanza.

#44 Kiatu_Kimoja

Glovu nyembamba za sufu ndani, juu yake zile za mpira za kuoshea vyombo. Usicheke, jaribu. Hazipitishi maji, zinazuia upepo, na vidole vinabaki na ujanja wa kushika vitu. Chukua saizi kubwa kuliko mkono wako, zikibana damu haipiti.

#45 Fizikia_Tupu

Jasho litajaa ndani, lakini litabaki la uvuguvugu. Nakubali. Na mkono wa koti uwe juu ya glovu, siyo ndani yake, la sivyo maji yanateremka kutoka begani yanajaza kikombe.

#46 Mama_Vilele

Ukiwa na fimbo na unapanda, mikono imeinuka, maji yanakwenda upande wa kiwiko. Hapo glovu iwe juu ya koti.

#47 Fizikia_Tupu

Mama, mbio nzima haiwezi kuwa kupanda.

#48 Mama_Vilele

Hujakimbia nilikokimbia mimi.